Kuvuta Hariri

Miaka thelathini na mmoja
nilivuta uzi kutoka maji ya moto,
kiwandani Huzhou, zamu ya alfajiri,
vifukofuko vikielea beseni
kama meno ya utotoni.
Unaitafuta ncha kwa ncha ya kidole;
ukiipata, unaishika
kama unavyoishika pumzi.

Kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa kwa kilo.
Nikabaki na kiinua mgongo
kisichoinua mgongo,
magoti yanayolia kama mlango wa ghala,
na ngazi za ghorofa ya tano.

Jirani yangu Fang Suqin ndiye aliyenikokota bustanini.
"Bora hivi kuliko kuhesabu vidonge," alisema.
Chini ya mikafuri, watu kumi na wawili
walikuwa wakizunguka polepole
kama waliosahau walichokuwa wakitafuta.
Mwalimu wao, Niu Baolin, fundi wa lifti,
kijana wa Henan, viatu vya kitambaa,
bisibisi bado mfukoni.
Hii ni taichi ya ukoo wa Chen, akasema,
ya kale, yenye kishindo ndani ya ulaini wake.
"Shuka. Kaa kama unayeketi
na kiti hakipo.
Kiuno ndicho bwana, mikono ni watumwa."

Pozi la kwanza waliliita
Askari wa Mbinguni Anatwanga Kinu:
ngumi ikatua kiganjani, mguu ukapiga sakafu, dhu!
Njiwa wakaruka.
Wiki tatu nikatwanga kinu kisicho na nafaka.
Mapaja yakawaka moto.
Usiku nikamlaani Suqin, taratibu,
yeye na ukoo wake.

Kisha, siku ya manyunyu, akasema:
"Leo tunavuta hariri.
Uzi unatoka kisiginoni, unapita kiunoni,
unatokea kwenye vidole. Vuteni."
Nikasimama. Nikacheka hadi nikapaliwa.
"Mwalimu, umewahi kuvuta hariri wewe?"
Akajikuna kichwa.
"Sijawahi. Ndivyo nilivyoambiwa na aliyenifundisha,
naye ndivyo alivyoambiwa."

Basi nikamwonyesha.
Ukivuta kwa pupa, unakatika.
Ukisitasita, unajikunja, unafanya fundo.
Huvuti kwa mkono, mkono hauna subira hiyo;
unavuta kwa mgongo, kwa nyayo,
kwa kuusikiliza upande wa pili,
kule majini, kifuko kinavyogeuka
kikijivua nguo.
Kiganja changu chenye makovu kikazunguka,
bega likalegea, kiuno kikafuata,
na kitu kikapita ndani yangu
kutoka kisigino hadi ukucha
bila kukatika.
Hakuna aliyekohoa.
Kijana akafumba macho, akanifuatiza.

Msiniulize kama nimepona.
Sukari ipo palepale, na daktari Pan
bado ananikunjia uso.
Lakini magoti yamepunguza maneno.
Nalala hadi lori la taka lipite.
Na sindano, niliyokuwa nikimpa mjukuu anitungie,
naitunga mwenyewe, mara ya pili au ya tatu.

Januari ile, ngazi zikaganda barafu.
Ndoo mkono wa kushoto, vitunguu mkono wa kulia,
unyayo ukaponyoka. Hamadi!
Zamani ningekwenda chini mzimamzima kama gunia.
Kiuno kilijua kabla yangu:
kikashuka, kikazunguka,
uzito ukahama mguu hadi mguu
kama maji beseni hadi beseni.
Kitunguu kimoja tu kilianguka,
kikabingirika, ngazi kwa ngazi, ghorofa nzima,
nami nimesimama naisikiliza safari yake.

Kisha nikakifuata, polepole.
Kilikuwa cha mchuzi.