Bildi ya Oddleif

Barafu ndiyo iliyolichimba hori hili.
Ilishuka toka milimani, nzito kama deni,
ikakwangua mwamba miaka isiyo na mwenye kuihesabu,
na ilipoikaribia bahari kuu ikachoka,
ikatua mzigo wake wa mawe, ikayeyuka.
Ndiyo maana mlangoni ni pima kumi na nane tu,
na ndani, mbele ya nyumba ya Oddleif, mia mbili na sitini.
Maji ya chini huingia kwa nadra, kama mgeni wa heshima,
na yakishaingia hayana haraka ya kutoka.

Kila mwaka, wiki ile jua linapogusa kilele mara ya mwisho
na kuwaacha watu kivulini hadi Februari,
Oddleif huvuta makasia mpaka katikati,
huteremsha bildi ya babake:
risasi kilo nne, na tundu la kitakoni limejazwa shahamu ya kondoo
ili chini ijiandike yenyewe.

Daftari lina safu tatu: tarehe, pima, kilichonata.
Mchanga, kombe. Mchanga. Changarawe, mguu wa kaa.
Mwaka mmoja, kutu: ya ule waya
uliokuwa ukishusha matita ya majani makavu
kutoka shamba la Hjelle, lililong'ang'ania jabali kama kiota,
kabla wenyewe hawajahama na kuacha mlango wazi.

Leo mjukuu wake, Torgunn, ameshika taa.
Glavu zake zinanuka chakula cha samaki.
Nyuma yao vizimba kumi na viwili vya samoni
vinalishwa kwa bomba, na mbonyezaji ni yeye.
Mshahara huo umeezeka upya banda la mashua,
umenunua meno ya Oddleif.

Bildi inapanda. Mzee anaigeuza.
Shahamu imekuwa nyeusi, laini kama masizi yaliyolowa,
inanuka yai viza.
Hakuna anayesema kitu. Ubavuni mwa mashua
maji matamu ya mto yanateleza juu ya yale ya chumvi
bila kuchanganyika.

Anaandika tarehe. Anaandika pima.
Kwenye safu ya tatu kalamu inasimama,
naye anajifanya vidole vimekufa ganzi.

Torgunn anaiweka taa ubaoni,
anaichukua kalamu,
anaandika kwa hati yake kubwa ya shuleni: TOPE JEUSI.
Halafu anamnawisha babu yake mkono,
kidole kimoja kimoja,
kwa maji yaleyale.