Daftari la Elfu Arobaini na Mbili

Mali bila daftari huisha bila habari,
kwa hiyo nilipiga mistari kwa rula ya Akoko,
mdogo wangu, kitindamimba wa mama,
na juu kabisa nikaandika: elfu arobaini na mbili.
Miezi kumi na minne ya kinu cha posho, Manyatta.
Unga kwenye kope, unga masikioni.
Nikikohoa, nakohoa mahindi ya watu.

Akoko hakuuliza pesa zilikotoka.
Aliuliza, "Kadi ya michoro, tunaanzia ngapi?"
Akaiandika ile ya ndoto zake kwa kalamu nyekundu:
elfu thelathini na tisa,
zikabaki elfu tatu za kuununulia mwili.
Moyo wa ndovu kwenye kifua cha kuku.
Tukafuta hadi karatasi ikatoboka.

Jumamosi, Kibuye, kwa Gogni,
muuzaji wa kompyuta zilizostaafu maofisini,
bado zina vibandiko vya idara ya mishahara.
"Hii ilikuwa ya benki," alisema,
"haijacheza hata siku moja."
"Basi itaanza uzeeni," Akoko akamjibu.
Elfu kumi na tatu: bodi, prosesa ya kizazi cha sita, ramu giga nane.
Niliomba anipunguzie mia tano.
Akapunguza mia mbili
na kutuongezea waya wa kuunganishia.

Kadi tuliipata Kondele, kwa Mukhwana,
aliyekuwa akihamia Eldoret na godoro lake limekwisha kukunjwa.
Giga nne. Elfu kumi na moja na mia tano.
Akaiwasha tuione, Akoko akatazama kioo.
Mimi niliinama nikainusa.
Mota iliyoungua haifichi harufu,
hata uipake manukato; hilo kinu kimenifunza.
Hii ilinuka vumbi, na sabuni kidogo.
Nikatoa pesa.

Kisha tukagombana, mchana, juani, mbele ya watu.
Yeye alitaka feni zenye taa za rangi,
mimi nilitaka pawasaplai nzito na stabilaiza.
Nilimwambia Aprili umeme uliondoka kwa adabu
ukarudi kwa hasira,
mota ya kinu ikalia mara moja tu.
Akasema, "Sasa mtu atajuaje kwamba ni ya gemu?"
Sikuwa na jibu.
Nililipa elfu tisa na mia saba
kwa vitu viwili ambavyo hakuna mgeni atakayevisifu.
Alinyamaza kutoka dukani hadi mlangoni kwetu.

Nyumbani, kesi ya Gogni ilikuwa fupi kwa kadi,
sentimita nne, si haba.
Tukapima mara tatu, kana kwamba chuma kingetuonea huruma.
Ndipo Akoko mwenyewe, bado amenuna,
akaenda kwa muuza mikate, akarudi na kreti.
Mia moja na hamsini.
Tukafunga bodi kwa vibanio vya waya,
tukafunika juu kwa kipande cha chandarua,
maana wadudu wa ziwani wakiona mwanga
hawaulizi feni ni ya nani.

Monita: runinga ya mama
(baada ya taarifa ya habari, na Jumapili hapana).

Ilipowaka, feni ya kadi ilinguruma
mama akauliza kutoka chumbani
kama sasa nimeleta na kinu nyumbani.
Akoko alifungwa mabao manne
na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua.
Alicheka peke yake, akaomba tena.
Mita ya umeme ikaanza kulia.
Nikanunua tokeni za mia mbili kwenye salio,
nikaandika.

Jumatatu alfajiri nilifungua daftari kabla ya kazi.
Chini ya hesabu zangu, kwa kalamu nyekundu:
*Feni zenye taa, elfu moja na mia nne. Sijasahau.*