Mpira wa Hizri

Mjomba alileta mpira kutoka Makhachkala,
mweupe, bado unanukia duka.
Hizri akaupiga mara moja tu.
Ukaruka paa la Saadu
(huku paa la mmoja ndio ua wa mwenzake),
ukadunda makaburini, ukatimua mbuzi,
ukashika njia ya mto Koisu.

Kijiji chetu kimening'inia mlimani
kama koti msumarini.
Tambarare ni sakafu ya ghala la zamani,
hatua tisa kwa tisa.
Humo utampiga nani chenga?
Ni kushikana viuno.

Wageni huuliza siri ya medali zetu:
ni maziwa? Ni damu?
Hizri, masikio yameumuka kama maandazi,
huwaonyesha korongo.
"Muulizeni mto.
Haujanirudishia mpira wangu."