Mikono ya Vazgen

Uso hudai saini, mikono haidai.
Ndivyo zilivyosema kanuni za soko la picha,
nami nikazisoma mara mbili, nimevaa koti ndani ya nyumba,
Gyumri, Januari, jiko limezimwa
ili gesi ifike mwisho wa mwezi.
Uso una mwenyewe. Mikono ni ya yeyote.

Basi nikashuka kibandani kwa baba,
nyuma ya kiwanda cha soksi kisichofuma tena soksi.
Nikamkuta Vazgen, fundi viatu, miaka sabini na mmoja,
nta kwenye kucha, shazia mdomoni,
buti la mjane wa jirani limetulia pajani
kama mtoto anayenyolewa.
"Usinipige usoni," alisema, "sijachonga ndevu."
"Sihitaji uso," nikajibu.
Akacheka. Hakujua nimesema nini.
Nami pia, siku ile, sikujua.

Picha arobaini na tatu. Nikachagua moja:
mwanga wa dirisha dogo umelala juu ya kovu la gumba,
uzi umekazwa hadi vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

Fomu ikataka maneno, ili picha ipate kuonekana.
Nikaandika: fundi, ngozi, uzi, kiatu, subira.
Mashine ikapendekeza yake:
uzee, upweke, ufukara.
Nikakataa.
Mwezi mzima hakutokea mnunuzi hata mmoja.
Mwezi wa pili, usiku, bili iko mezani,
nikaongeza neno moja.
Unajua ni lipi.

Chanda chema huvikwa pete;
cha baba kilivikwa bei:
senti ishirini na tano kila kinaponunuliwa,
zinazobaki ni za mwenye soko.
Robo. Robo. Robo nyingine.
Kama matone ya paa bovu ndani ya sufuria,
unayahesabu bila kutaka.
Na hazitoki mpaka zitimie dola mia.

"Wananunua nini hasa?" baba aliuliza.
"Kazi yako," nikamwambia,
nikitazama viatu.

Pasaka ya mwaka wa pili
binamu Siranush akaja kutoka Lyon
na kasha la dawa ya kuchua viungo.
Juu ya kasha, kovu lile.
Uzi umefutwa. Kiatu kimefutwa.
Mikono miwili imeshika hewa, inaumwa hewani.
Baba akalisogeza karibu na balbu, akaligeuza,
akaitambua kama mtu anavyotambua
mlio wa mlango wake.
"Hii si mikono inayouma," alisema. "Hii inavuta.
Uzi wangu uko wapi?"
Siranush akanitazama. Nikainuka kuchemsha kahawa
ambayo hakuna aliyeiomba.
Nyuma yangu nikamsikia akifungua tyubu,
akijipaka, akinusa.
"Na wala haisaidii," alisema.

Mkono mtupu haulambwi:
kwa methali hiyo nilijitetea miezi kumi na sita.
Lakini wa baba haukuwa mtupu.
Ni mimi niliyeuandika mtupu,
kwa neno moja, usiku, kwa ajili ya gesi.

Nikaifungua fomu. Nikalifuta.
Salio lilisoma dola tisini na tisa
na senti sabini na tano.

Tangu hapo ni wiki ya sita, robo haijaja.
Theluji imekwisha hata kwenye kingo za kaskazini,
jiko halina dai lolote mpaka Oktoba,
nami bado kila alfajiri natazama salio
kabla sijanawa uso.

Kisha napita kibandani.
Baba hainui kichwa.
"Kuna aliyetafuta fundi?"
"Bado."
Ananyoosha mkono, kiganja juu,
nami nauwekea uzi.