Kipande Kisicho na Herufi

Zihindula aliirudisha mashine Jumatano jioni,
akapangusa kioo kwa kiwiko, akasema: imefufuka.
Kila kitu kipo, mama Nabintu. Barua za parokia,
orodha ya madeni, hata ile tarehe uliyokosea.
Nikamlipa. Akashuka ngazi za Kadutu akipiga mluzi.

Alhamisi mashine ikakataa kurasa mbili.
Mbili tu! Mkataba wa mauzo, kiwanja cha Ciriri.
Diski imejaa, inasema.
Imejaa nini? Nilinunua giga mia tano,
risiti ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia.
Hapa naona mia na ishirini,
nazo zimeshiba hadi kooni.

Nilimpigia simu. Sikumsalimia.
Nilimwita mwizi mbele ya wateja watatu,
nikasema mia tatu na themanini zimeuzwa Nguba
kwa kijana wa kuuza filamu.

Hakubisha. Alikuja na mvua mabegani,
akafungua ukurasa nisioujua:
mstari mrefu, kama kazi ya mpimaji,
ncha ya kushoto ya buluu, ina herufi, ina jina;
kulia kwake, upana mara tatu,
weusi mtupu.
"Nakala niliyoirudisha ilitoka kwenye diski yako ya zamani,
ile ndogo. Imekuja na uzio wake.
Hakuna aliyeiba, mama. Hakuna aliyeandikisha."

Jamani.
Miaka kumi na mmoja napiga chapa mikataba ya ardhi
ya mji huu unaoning'inia mlimani.
Kaskazini: choo cha Murhula. Kusini: mfereji.
Mashariki: mti wa avoka, ambao nao una kesi.
Sijaona Bukavu unyayo mmoja wa udongo
usio na wenyewe watatu na mihuri minne.
Hata ule ulioporomoka na mvua ya Aprili
bado unauzwa; mnunuzi anaonyeshwa hewa.
Kumbe uwanja usio na mtu ulikuwa humu,
chini ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe,
ukinguruma taratibu karibu na goti langu.

"Panua," akasema. "Bofya hapa."
Umeme ukakatika, kidole kikiwa hewani.

Tukakaa gizani, yeye, mimi,
na lile jina nililomwita.
Nilitafuta neno, nikapata chupa ya chai.
Aliomba sukari, akaomba tena. Nikampa kopo lote.

Saa tisa taa ikawaka. Nikausukuma mpaka kuelekea kulia,
nikausimamisha kabla haujafika ukingoni:
giga moja, nyeusi, bila herufi.
"Hiyo ya nini?"

Sikuwa na jibu.
Na mlangoni walishasimama wanaume wawili,
kila mmoja na hati yake mkononi,
namba ya kiwanja ile ile.