Dakika Moja, Budadiri

Mafunzo yalikuwa Mbale, siku mbili, ghorofa ya pili,
viti vya plastiki, chai ya maziwa, maandazi yaliyopoa.
Nilidhani tutasomewa mwongozo, tutie sahihi, turudi.
Daktari Nambozo akatoa begini mwake
rejista ya kliniki yangu, ile yenye doa la kahawa,
akanipa kalamu nyekundu.
“Hesabu,” akasema. “Vikohozi na mafua tu. Na ulichowapa.”

Niliusoma mwandiko wangu kama barua ya mtu mwingine.
Mafua: amoksilini.
Koo linawasha: amoksilini.
Mafua, mama ana haraka: amoksilini.
Ijumaa, mvua, foleni hadi barazani:
amoksilini, amoksilini, amoksilini.
Katika mia, themanini na mmoja.
Wamono wa Sironko, aliyeketi kando yangu, alipata sabini na sita,
akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Mchana akatuonyesha sahani ya maabara,
mkojo wa mzee fulani, jina limefutwa.
Juu yake vipande sita vya karatasi vilivyolowekwa dawa.
Kimoja kilizungukwa na uwazi, duara safi.
Kwenye vitano vijidudu vilikuwa vimeota hadi ukingoni,
kama majani yanavyoota hadi kizingitini
pa nyumba iliyohamwa.
Sikio la kufa halisikii dawa, bibi alizoea kusema.
Hili halisikii dawa
na wala halifi.
“Na yule mzee?” Wamono akauliza.
Daktari Nambozo akaifunika sahani.

Leo Jumatatu. Khainza ameteremka mlimani
na mwanawe wa miezi kumi na minne, kamasi hadi mdomoni.
Kalamu inaijua njia, herufi ya kwanza imeshaanza kujichora.
Naiweka mezani.
Namfunua mtoto kifua, nashika saa.
Dakika moja.
Sikuwahi kujua dakika ina urefu huu.
Tumbo linapanda, linashuka. Kumi na mbili.
Ng’ambo mashine ya kukoboa kahawa inanguruma. Ishirini na tano.
Mbavu hazizami. Thelathini na nne.

“Ni mafua, mama. Mapafu ni mazima.
Mnyonyeshe mara kwa mara, msafishe pua.
Akikataa kunyonya, akipumua mbiombio, mbavu zikizama,
mlete, hata usiku wa manane. Namba yangu hii.”
Anaigeuza karatasi, anatafuta upande wenye dawa.
“Daktari, boda nimelipa elfu nane,
nirudi na maneno?”

Wiki iliyopita hapa ndipo ningesalimu amri.
Nauchukua mkono wake, nauweka juu ya tumbo la mtoto.
“Hesabu nawe.”
Anahesabu kwa Kigisu, midomo ikicheza, mimi kimoyomoyo.
Tunapishana kwa mbili.
Hasemi kitu. Anamfunga mtoto mgongoni,
fundo mara mbili.

Dirishani namwona akivuka barabara,
akisimama mbele ya duka la dawa la Gidudu
ambako kapsuli za rangi mbili huuzwa nne nne, kama pipi.
Amesimama.
Boda inampigia honi.
Amesimama bado.

Nyuma yangu kiti kinalia.
Anayefuata ameshaketi, anakohoa kabla sijamwuliza,
na hanitazami usoni,
anautazama mkono wangu wa kulia.