Kifaa Namba Saba

Ibri, saa tatu asubuhi, bati la karakana limeshaanza kulia kwa jua.
Nachanganya kileo na maji yaliyochujwa, tone kwa tone,
mimi Thuraiya binti Nasibu,
nisiyejua hata ladha yake hukaa upande gani wa ulimi.
Mama akiuliza kazi yangu, namwambia: napima pumzi.
Hujibu: "Pumzi ina Mwenyewe."

Chupa naipasha hadi nyuzi thelathini na nne,
joto la mdomo wa mtu aliye hai.
Hewa inaingia, inabubujika, inatoka na mvuke:
hiyo ndiyo pumzi ya mlevi wangu.
Hana mke, hana leseni, hana wa kumwapia,
wala hajui kusema uongo.
Nimemtia kumi katika mia ya miligramu.
Kifaa kiseme kumi, basi.

Namba tatu, kumi.
Namba tano, kumi.
Namba saba: kumi na nne.

Narudia. Kumi na nne.
Nabadili mrija, nafungua dirisha, nakipa hewa tupu:
nne.
Nakipuliza mwenyewe, kahawa na tende tatu tumboni:
nne.
Kumbe hata mimi nimelewa.

Nyanya alikuwa akipima mchele
anafuta mdomo wa kibaba kwa ukingo wa kiganja.
Kibaba hakina haya, akisema, haya ni za mpimaji.
Na hiki, haba na haba,
vumbi la Fahud, joto la dashibodi, mwaka bila kukaguliwa,
kimejaza kisichokuwa chake.

Mwezi wa Rajabu, kwenye lango la kambi,
Hamduni bin Sleyumu, dereva wa lori la maji,
alikipuliza hiki hiki.
Nne.
Akaapa mara tatu. Wakamwambia
mashine haina ugomvi na mtu.
Barua ilichapwa kabla injini yake haijapoa.

Nakirekebisha. Dakika sita, si zaidi,
na sifuri inarudi mahali pake kama mtoto aliyetumwa dukani.
Msimamizi kasimama mlangoni:
"Andika kilivyo sasa. Bandika stika ya kijani."

Fomu ina safu mbili:
kilivyokutwa, kilivyoachwa.
Ile ya kwanza tumezoea kuipitisha mstari.

Naandika kwa wino: hewa tupu, nne.
Chini yake: kumi, kimesema kumi na nne.
Tarehe. Sahihi. Jina langu lote, hadi la babu.
Msimamizi anatazama kalamu, kisha saa yake,
kisha anakwenda zake bila neno.

Namba ya Hamduni imo kwenye daftari la lango.
Simu inaita. Inaita.
Inapokewa, wala hapana salamu,
nasikia tu mtu
anavuta pumzi.